Baba Mkwe, Pikipiki Yako Ilipita Juu

Mpendwa baba mkwe,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu mbele yako sikuruhusiwa. Miaka yote niliyokuwa mke wa mwanao hatukukaa chumba kimoja, hatukupeana mkono, hatukula sahani moja. Jina lako sikulitamka, isipokuwa mara moja tu, na nitaeleza ilikuwa wapi. Hata leo, umeshazikwa, kalamu yangu inalikwepa.

Wanaonisoma gazetini watashangaa. Wamezoea kuniona nikigombana na wachungaji, na wakuu wa wilaya, na wazee wa koo. Wamenisoma nikisema kwamba mila isiyoweza kujieleza mbele ya mwanamke haina haki ya kumtawala. Hawajui kwamba mwanamke huyohuyo, akifika nyumbani kwako Tukuyu na kusikia kikohozi chako uani, alikuwa anaacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbilia nyuma ya migomba.

Kwao niseme wazi, nawe univumilie. Kwa Wanyakyusa wa ukoo wenu, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Akiingia mmoja sebuleni, mwingine hayumo. Wanaheshimiana mpaka wanageuka vivuli. Jirani zenu wengi walishailegeza mila hii, kila nyumba kwa namna yake. Kanisani kwenu iliwahi kuhubiriwa kwamba imepitwa na wakati. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, ulikaa benchi la mbele ukaitikia amina, kisha ibada ilipoisha ukatoka kwa mlango wa pembeni usije ukakutana nami.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Mwanao Ambokile alinionya njia nzima, tangu Igawa mpaka Uyole, nami nilimsikiliza nusunusu. Mimi ni binti wa Kihehe kutoka Mufindi; kwetu mgeni akifika anasalimia. Nilikukuta umeinama kwenye banda la ng'ombe, mgongo kwangu, kofia kichwani, buti za mpira zimejaa samadi. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Kamwene, baba."

Sijapata kuona mtu mzima akikimbia vile. Uliruka ua, suruali ikanasa kwenye mti, ikachanika, wewe ukaendelea tu kati ya migomba, uso umeufunika kwa kofia. Dada yako, shangazi Tusekile, alikaa chini palepale akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanyamaza, akaniambia kwamba nimemdhalilisha kaka yake mbele ya watoto, na kwamba mtu anayeandika magazetini angetakiwa kujua kusoma hata mgongo wa mtu.

Nilikubali kujificha siku ile kwa sababu nilikuonea huruma. Nilijiambia ni kwa wikiendi moja. Wikiendi ile haijaisha.

Hivyo nikakujua kwa vipande. Visigino vyako. Mgongo wako ukiwa unakwenda. Kidole gumba chenye ukucha mweusi, kikionekana chini ya mlango wa stoo mimi nikiwa ndani. Zaidi ya yote, sauti. Jioni uliwakusanya wajukuu barazani ukawasimulia ulivyokuwa bwana mifugo wa milimani, ukichanja ng'ombe kutoka Njombe hadi Makete, ukivuka uwanda wa Kitulo kwa pikipiki ya idara, baadaye ukiwa umeuziwa pikipiki ileile ulipostaafu. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta mmoja kati yetu. Ilinichukua miaka kugundua jambo ambalo mtoto angeligundua: wajukuu wako wote walijua Kinyakyusa, na ulizungumza nao Kinyakyusa mchana kutwa, lakini hadithi za barabara ulizisimulia kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu asiyejua Kinyakyusa, naye alikuwa anakoroga mboga upande wa pili wa ukuta.

Ulinieleza kuhusu ukungu wa kule juu, unaokuja ukiwa umelala chini kama maji. Ulinieleza jinsi pikipiki ilivyokulalia mguu kwenye tope la Kitulo, na kwamba mguu ukinaswa hivyo hauvutwi; unachimba udongo ulio chini yake. Wajukuu walicheka. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, nikikuona waziwazi, isipokuwa uso.

Kisha nikapata kazi ya kuzungukia vijiji vya Mufindi kutafuta habari za redio, na usafiri hakuna. Ambokile alikuambia tulipokuja Tukuyu likizo. Kesho yake asubuhi nikaikuta pikipiki imesimama nyuma ya nyumba, imeoshwa, na wewe umesimama nyuma ya rundo la matofali ya kuchoma, kofia peke yake ikionekana.

"Wewe pikipiki," ulisema, "leo utapandwa na mtu asiyejua. Mvumilie."

Nikapanda. Ikaruka kama mbuzi, ikazima.

"Wewe pikipiki, kwa nini unaiachia klachi kama imekuunguza? Iachie polepole. Nani anakufukuza?"

Nikainama kwenye tangi la mafuta, nikasema, "Pikipiki, mwambie anayesema na wewe kwamba klachi yake ni ngumu kama kichwa chake."

Nilidhani nimevuka mpaka mwingine. Halafu matofali yakaanza kucheka. Ulicheka mpaka ukakohoa, na shangazi Tusekile akatoka na ungo mkononi kuuliza nani kafa.

Tuliendelea hivyo likizo nzima. Pikipiki iliambiwa ilaze mwili kwenye kona, iliambiwa isiguse breki ya mbele kwenye tope, iliambiwa inaendesha kama mwalimu mkuu. Siku niliyoanguka kwenye mtaro nilisikia hatua zako mbili zikinijia haraka, kisha zikasimama. Ukamwita Ambokile kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Nililala mle mtaroni nikiangalia mawingu, sikuumia popote, nikakuchukia. Ulikuwa hatua chache kutoka kwangu na hukuweza kuzimaliza. Nililia kwa hasira, Ambokile akadhani ni goti.

Tulipoondoka hukusema unanipa. Ulisema, ukiiambia hewa, pikipiki imechoka na baridi ya Tukuyu, ikapumzike Iringa. Iringa nayo ina baridi, lakini hakuna aliyekukosoa.

Nimezunguka nayo Igowole matope yakifika kwenye mhimili. Nimeshuka nayo Mgololo nyuma ya malori ya magogo, harufu ya kiwanda cha karatasi ikiniingia mpaka kwenye helmeti. Nimeandikia juu ya tangi lake makala za kupinga kurithi wajane, za kupinga wanaume wanaopakuliwa chakula chao kwanza kana kwamba matumbo yao yana vyeo. Kila makala ilipotoka, Ambokile alikusomea kwenye simu. Ulikuwa ukiuliza, pikipiki inasemaje. Vijana wa ofisini, waliponikuta Tukuyu siku moja nimejibanza nyuma ya tangi la maji, walinitania kwa mwaka mzima: bingwa wa kuvunja mila, anavunja za jirani. Niliwajibu kwa ukali. Sikuwa na jibu, nilikuwa na ukali tu.

Mwaka huu ulianza kudhoofika. Ambokile alikuja kukuuguza, mimi nikabaki Iringa. Sikubaki kwa kupenda. Mkwe anamuuguza nani asiyeweza kumwona? Nilipika uji wako kwa mawazo, nikanywa mwenyewe. Halafu Ambokile akanipigia.

"Mzee anasema pikipiki irudi nyumbani," alisema. Nyuma yake nilisikia wadogo zake wakibishana, kwamba mzee akili imeanza kuhama, mtu anakufa anawaza pikipiki. "Na anasema isipite lami. Ipite juu, njia yake."

Njia yake. Njombe, Makete, Kitulo, Kikondo, itokee Isyonje. Ambokile alisema atatafuta lori la viazi linalorudi tupu, tuipakie, tumalize. Nikamwambia pikipiki haijaitwa. Nimeitwa mimi.

Hicho ndicho nilichokuwa nakiendea, baba, na nakitaja ili asiwepo wa kunisingizia ujasiri wa kutalii. Nilitaka kufika ukiwa bado unapumua, nikuambie neno moja bila kulipitisha kwa mtu wala kwa chuma. Hilo tu. Neno lenyewe nilikuwa sijaliamua. Nilikuwa na mengi, mengine ya matusi.

Nilitoka Iringa alfajiri. Makambako upepo ulinitikisa kama unanipekua. Njombe misonobari ilikuwa inadondosha maji. Nililala Makete kwenye nyumba ya wageni ambapo mhudumu aliangalia helmeti, akaangalia mvi zangu, akauliza kama nimetumwa na kanisa. Asubuhi nikaanza kupanda.

Ulikuwa umenisimulia vizuri, lakini hukunisimulia upweke. Kule juu miti inakwisha. Nyasi, na nyasi, na mgongo wa mlima baada ya mgongo wa mlima, na mimi katikati na injini inayolia. Hakuna nyumba. Hakuna mtu wa kubishana naye. Mtu kama mimi, anayeishi kwa kujibizana, akikosa wa kumjibu anaanza kujisikia mwenyewe, na sikupenda nilichosikia. Nilisikia mwanamke anayekimbizana na kifo cha mtu ili ashinde hoja.

Mvua ikashuka kabla sijafika nusu ya uwanda. Udongo ule mweusi ukageuka sabuni. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, miguu chini pande zote mbili, mpaka ukungu ulipokuja, ukiwa umelala chini kama ulivyosema, nikaacha kuiona hata taa yangu. Gurudumu la mbele likateleza kwenye ufa wa barabara. Nikalala ubavu, pikipiki ikalala juu ya mguu wangu.

Nilikumbuka. Sikuvuta. Nilichimba kwa funguo, nikachimba kwa vidole, udongo ukawa unarudi kila nilipoutoa kwa sababu maji yalikuwa yanausukuma. Nikachoka. Baridi ikapanda kutoka kwenye goti. Nikaita, sauti ikaishia kwenye mikono yangu. Sijui nilikaa muda gani. Najua nilichokifanya: nilikuita. Nilikuita jina lako, lote, na la baba yako, kwa sauti ya juu, nikalirudia mpaka likapoteza maana. Nilikuita wewe. Nilikuambia kwamba umenitega. Kwamba barabara ya lami ingenifikisha kwako kwa siku moja, na wewe ulijua, ukanipitisha huku ili nichelewe, ili ufe na heshima yako bila kuguswa. Nilikuambia wewe ni mwoga, uliruka ua mbele ya binti aliyenyoosha mkono na hujaacha kukimbia. Nilisema yote. Hakuna aliyesikia, na nilijua hakuna aliyesikia, na ndiyo maana niliweza.

Aliyenitoa ni mama mmoja mlima viazi aliyekuwa anarudi shambani kwake na jembe begani, Mama Eliza. Alisikia kelele, alisema, akadhani ni walevi. Aliingiza mpini wa jembe chini ya pikipiki, akaegemea, nikatoka. Kisha akanitazama nikiwa nimeketi topeni.

"Unakwenda wapi?"

"Tukuyu."

"Kwa pikipiki. Nauli ya basi imekushinda?"

"Nimeambiwa nipite huku."

"Na mumeo?"

"Na baba yake."

Alitafakari hilo. "Walikuwa wanataka kukuua," alisema, akanishika mkono.

Nilikaa kwake. Goti lilikuwa limevimba kama kiazi chake kikubwa, na mvua haikuacha. Jiko lake lilikuwa chumba kidogo cha udongo chenye moto katikati, moshi unaotafuta mlango na kuukosa, na nje ukungu umesimama kizingitini kama askari. Asubuhi ilikuwa nyeupe, mchana mweupe, jioni nyeupe kidogo. Niliamka nikauliza kama barabara inapitika, akasema haipitiki, nikala viazi, nikauliza tena. Nilikuwa nimejifunza maisha yangu yote kwamba ukuta wowote una mtu aliyeujenga, kwa hiyo una mtu wa kumshitaki. Ule wa ukungu haukuwa na mtu. Nilizunguka ndani ya chumba kile nikihesabu magunia, nikijua kwamba ng'ambo ya mlima kuna mtu anakata roho taratibu, na kwamba mimi, niliyekwepa kumwona kwa hiari yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, sasa nazuiwa na maji.

Nilimweleza Mama Eliza kila kitu. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Ukifika, utamwona?"

"Hapana. Hairuhusiwi."

"Sasa haraka ya nini?"

Nilimjibu kwa muda mrefu. Nilimweleza historia ya mila, na nani inamnufaisha, na jinsi heshima inavyoweza kuwa jina jingine la woga. Nilisema mambo ambayo nimeyasema kwenye kumbi na watu wakapiga makofi. Nilipomaliza alisukuma maganda kwenye karai, akasema nimesema vizuri sana, lakini swali lake bado liko pale.

Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kilima kimoja tu. Alinipandisha nikiegemea bega lake. Ambokile alipokea haraka. Nilimuuliza kama bado upo. Alisema upo, unalala, unaamka, unauliza pikipiki imefika wapi.

"Mwambie imekwama."

Nilisikia akikuambia. Halafu nikasikia sauti yako kwa mbali, nyembamba.

"Anasema isivutwe kwa hasira," alisema Ambokile.

Nilikaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Mama Eliza aliniuliza kama amekufa. Nikasema hapana, amenikaripia.

Mvua ilipopungua niliondoka, goti limefungwa kwa kanga yake, bado inanyesha manyunyu. Sikuvuta kwa hasira. Nilikwenda kama mtu anayebeba maziwa. Kikondo niliipita bila kuiona. Isyonje nikaigusa lami, nikashuka kuelekea Tukuyu maji yakinimwagikia shingoni, na migomba ilipoanza kutokea kando ya barabara nilijua nimerudi kwenye maficho yangu.

Shangazi Tusekile alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chako. Alinitazama kuanzia buti hadi helmeti. Amezeeka, lakini hajaacha kazi yake.

"Mkwe, pita huku nyuma," alisema, kama alivyosema mara zote. "Kuna moto jikoni."

Nilisimama. Ambokile alikuwa uani ameshika usukani wa pikipiki. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na shangazi. Nilikuwa na hoja zangu zimepangwa tangu Makete. Lakini yeye alinitazama tena, akajivuta kidogo upande mmoja wa kigoda, akaanza kuchambua maharage yasiyokuwepo kwenye mapaja yake. Nafasi aliyoiacha ilikuwa ya mtu mmoja. Nikapita.

Nilisikia kitanda kabla sijaona. Niliingia na wewe ukavuta shuka. Sijui ulipata wapi nguvu, wakati Ambokile alisema hata kijiko huwezi kushika. Uliivuta ikafunika kichwa chote, mikono yako miwili imeishikilia juu, ule ukucha mweusi ukionekana. Nilisimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimevunja sheria na wewe hukuivunja. Ningeweza kuiondoa shuka ile kwa vidole viwili.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye koti langu hadi sakafuni.

"Umelowa," ulisema.

Hukuiambia pikipiki. Hukumwambia mwanao. Uliniambia mimi.

"Nimelowa, baba. Mvua imenikamata Kitulo."

"Daraja la mbao bado lipo?"

"Hapana. Lipo la zege."

Ulifikiri. "Wameliharibu," ulisema.

Hotuba zangu zote zilikuwa wapi? Nilikaa kwenye sakafu, mgongo kwenye ukuta, nikakusimulia. Nilikusimulia Makambako na upepo wake, mhudumu wa Makete, nyasi, ukungu. Ulicheka chini ya shuka kuhusu nauli ya basi. Nilikuambia nilikutukana. Uliuliza nilitukana kwa Kihehe au kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiswahili, ukasema basi ulistahili kusikia. Ndipo nikauliza lile nililolibeba tangu siku ya ua.

"Baba, kwa nini usinitazame? Wenzako wameacha. Nani atakudai?"

Shuka ilipanda na kushuka.

"Nimezeeka hivi, mwanangu," ulisema. "Usinifunue."

Sikukufunua. Nilikaa mpaka ukasinzia, nikatoka kinyumenyume nikiangalia kucha. Shangazi alinipa uji bila kuniangalia, na hadi leo hajamwambia mtu.

Ulikufa siku chache baadaye, mimi nikiwa jikoni, upande wangu wa ukuta.

Msiba wako ulikuwa mkubwa. Wadogo zake Ambokile waliagiza fulana, kama inavyofanyika siku hizi, zenye picha yako kifuani na maneno ya kukuaga. Mtengenezaji fulana hajui mila za mtu. Zilipogawiwa uani, watu wote walikuwa wamekuvaa wewe. Wajukuu, majirani, kwaya, vijana wa kuchimba kaburi, uso wako kila mahali, na mkwe mmoja anayetazama chini. Nilizika nikiangalia viatu. Mtu akinisalimia nilimjibu kwenye goti. Shangazi Tusekile alinisogelea, kifua chake amekifunika kwa kanga, akaniambia taratibu kwamba hata yeye hili hakuliona linakuja.

Nami nilipewa yangu. Niliivaa nimefumba macho. Watu wakaniambia umetoka vizuri, umetabasamu kidogo. Nilikubeba kifuani siku nzima, wote wakikuona isipokuwa aliyekubeba.

Sasa niko Iringa. Nimeifua fulana ikiwa imegeuzwa, nimeianika ikiwa imegeuzwa, imekauka, iko mezani karibu na mkono wangu. Kwa nje ni kitambaa cheupe chenye kivuli hafifu cha kitu upande wa pili. Ambokile ameniambia niigeuze, mila imekufa pamoja na wewe, hakuna aliyebaki wa kunizuia.

Anasema kweli, na hapo ndipo nilipokwama. Kama ni mila, naigeuza sasa hivi. Mila yenu ni upuuzi, baba. Nimeandika hivyo na naandika tena, na binti yeyote anayenisoma anyooshe mkono na asimwonee huruma anayeruka ua. Iliniibia wewe kwa hatua chache za mtaroni. Lakini aliyeniambia usinifunue hakuwa ukoo. Alikuwa mtu mmoja, amelala kitandani mwake, anaomba jambo kuhusu uso wake mwenyewe. Nami maisha yangu yote nimesimama majukwaani nikisema mwili wa mtu ni wake, na akisema hapana, ni hapana, hata kama anayetaka kutazama anampenda. Nimezunguka hoja hiyo usiku na mchana nikitafuta mlango. Niliijenga mwenyewe na niliijenga vizuri.

Kwa hiyo nimeikunja, upande wa ndani ukiwa nje, nimeiweka kabatini. Pikipiki ilibaki Tukuyu kama ulivyotaka. Mimi nilirudi kwa basi, kwa njia ya lami, nikiwa nimegeuzia uso dirishani.

Pumzika ulivyozoea, baba, umejifunika vizuri. Sitakusumbua.

Mkweo,
mke wa Ambokile, binti wa Kihehe uliyemkimbia